Mama Yangu Ndiye Aliyeonja Kwanza

Sauti ninayoikumbuka hadi leo ni msonyo. Siyo msonyo wa mtu mmoja, huo tumeuzoea, hata mimi nasonya nikiungua na pasi ya nywele saluni. Huu ulikuwa msonyo wa ukumbi mzima. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki mpaka mlangoni, wengine wamesimama, na wote wakavuta mate kwa pamoja, kama ng'ombe wengi wanavyofyonza maji ya mwisho bwawani. Walikuwa wanamsonya mwanamke aliyetokea kwenye kitambaa cheupe kule mbele. Amefunga kilemba cha njano, ameupa mlango mgongo, anakoroga unga kwenye kikombe cha maziwa.

Mwanamke yule alikuwa mama yangu. Aliyemwigiza ni dada mmoja wa Dar mwenye kope za kubandika, lakini kilemba kilikuwa cha mama, kikombe cha bati chenye maua kilikuwa cha mama, na ule mwendo wa kuburuza kidogo mguu wa kushoto ulikuwa wa mama. Na mama mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu, bisi mapajani, amevaa gauni lake la Pasaka kwa sababu nilimwambia tunakwenda kwenye uzinduzi wa filamu, siyo mnadani.

Hakusonya. Aliangalia tu. Halafu akanishika mkono kana kwamba mimi ndiye niliyetukanwa.

Naandika haya nikiwa na hasira, sifichi. Kwa kawaida mimi ni mtu wa kucheka. Dada mwenye saluni ninapofanya kazi huniita redio, maana hata umeme ukikatika mimi naendelea. Shule niliishia kidato cha pili, na tangu hapo nimekuwa nikiota mchana kweupe: kwamba siku moja nitaonekana kwenye filamu, na watalii wakishuka Karatu kununua maji kabla ya kupanda Ngorongoro wataona sura yangu kwenye bango waulize huyu ni nani. Kuota hakuna kodi. Kwa hiyo niliposikia watu wa filamu wamefika mjini kuigiza kisa cha ile familia tajiri ya Oldeani, nilifurahi kuliko mtu yeyote. Nilidhani sasa watu wataona mama yangu alifanya kazi katika nyumba ya namna gani.

Nyumba ile nilifika mara chache, nikiwa mtoto, wakati wa likizo. Iko katikati ya mibuni, bati lake jekundu, na sebule yake ina viti ambavyo hakuna anayevikalia. Mzee mwenye nyumba alikuwa na shamba la kahawa, magari ya kupeleka wageni mbugani, na kambi ya mahema kwenye njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Mke alishafariki. Watoto walikuwa watatu, watu wazima wote, wanaishi pale pale, na kila mmoja ana chupa yake ya chai na kopo lake la sukari chini ya kufuli. Siyo kwamba sukari haikutosha. Walikuwa wanaogopana. Kila mmoja aliamini wenzake watamwekea kitu, ili siku ya kugawana shamba apungue mtu.

Mama alikuwa mpishi wao. Akishaandaa meza, kifungua mimba anasogeza sahani mbele na kusema, "Onja kwanza." Mama anaonja. Wa pili naye, "Na hii." Mama anaonja. Binti wa mwisho alikuwa na aibu kidogo, yeye alisema, "Mama, samahani, na hii." Mzee peke yake hakuwahi kumwonjesha. Alikuwa akimwambia, "Nikifa kwa ugali wako nitakuwa nimekufa nimeshiba." Miaka yote ile mama yangu alikula chakula cha matajiri kijiko kimoja kimoja. Na mwisho wa mwezi alipokuja kwetu Kansay, kila akipakua alionja kwanza, ndipo anatusogezea sahani. Tulikuwa tunamcheka. Bibi alimwambia, "Kula na watoto wako, hapa hatuna cha kurithi."

Kilichotokea kila mtu wa Karatu alikijua, kabla ya filamu. Mzee alitamka mezani, mbele ya wote, kwamba shamba la juu atampa binti. Asubuhi yake kifungua mimba alimfuata baba yake kwenye ghala la kahawa akampiga nyundo. Mama alikuwa anapeleka chai. Alimkuta mzee chini, bado anapumua, akakaa sakafuni akampakata kichwa mpaka pumzi ilipokatika. Alieleza polisi alichokiona, na baadaye alisimama mbele ya jaji akakirudia kama kilivyo, na yule mtoto wa tajiri akafungwa. Haya hayakusemwa vijiweni. Yalisemwa mahakamani, watu wamejaa.

Lakini kati ya polisi na mahakama kuna ile miezi ya kibandani, na hapo ndipo wameponea hao wenye filamu yao.

Kwetu Wairaqw, ambao wengi hutuita Wambulu, kuna jambo linaitwa metimani. Mtu akiguswa na kifo kibaya, anakaa pembeni. Hachoti maji wanapochota wenzake, hakanyagi njia ya ng'ombe wao, haombi moto wala chumvi, ili lile balaa lisivuke kwake kwenda kwao. Siyo adhabu, na siyo kwamba ana kosa. Ni kuwalinda majirani. Siku hizi wengi wameacha, hata kanisani hawalipendi, lakini bibi yangu alikuwa mtu wa zamani, na mama alirudi na damu ya mzee kwenye gauni. Bibi alimwelekeza kwenye kibanda cha mwisho wa shamba la mahindi, kile alichokuwa analala mlinzi wa kufukuza nyani. Mama hakubisha. Alisema, "Hawa watu wana watoto wadogo, siwezi kuwapitia na hii damu."

Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula. Nilikuwa naweka bakuli juu ya jiwe, narudi nyuma mpaka kwenye mstari wa mahindi, ndipo yeye anatoka. Anachota kijiko cha kwanza, anaonja huku akiniangalia, halafu ananiitikia kwa kichwa: ni salama. Nilicheka kila siku. Nilikuwa mtoto, sikujua kuna watu njiani wanaotuangalia na kusema, "Yule amejificha."

Sasa watu wa filamu walipokuja, mwongozaji wao, kijana wa kofia ya ngozi mwenye sauti ya upole sana, aliomba apelekwe Kansay. Mama alitoka mjini tunakoishi akatangulia huko, akampokea kama mwanawe. Alimchemshia viazi vitamu, akampa maziwa. Yule kijana alisema, "Shikamoo mama yangu, nimekuja kujifunza kwako." Mama akamsimulia yote, kuonja, ghala, kibanda, akamweleza metimani taratibu kama mtu anayemfundisha mkwe. Simu ilikuwa juu ya meza inarekodi. Akaomba kilemba, akapewa. Akaomba kikombe, akapewa. Akaomba kupiga picha kwenye kibanda, mama akakifagia mwenyewe. Na mimi nikapewa nafasi: nipite nyuma na sinia la glasi kwenye sherehe ya matajiri, bila neno. Nilifanya mazoezi ya kubeba sinia kwa wiki nzima, mpaka dada wa saluni akasema, "We redio, hiyo trei ya bigudi ukiiangusha utaniozea hapa hapa kulipa."

Kwenye ukumbi nilijiona. Nilipita na sinia, mgongo tu ndio unaonekana. Nilimgusa mama, "Aayo, yule mimi." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwetu, aayo. Akatabasamu. Halafu ikaja ile ya kikombe cha maziwa, na ule msonyo.

Katika filamu yao mpishi ndiye shetani wa nyumba. Anamnong'oneza kifungua mimba kwamba baba yako hakupendi. Anamwekea mzee dawa ya usingizi kwenye maziwa. Anafungua mlango wa ghala. Halafu kijana wa watu, amechanganyikiwa, analia huku anapiga. Mpishi anakimbilia porini, na pale pale, kwenye kibanda chetu, anachungulia kwenye mwanya wa mlango huku macho yanamtoka. Hakuna kuonja hata kijiko kimoja. Sehemu hiyo wameitupa, maana mtu akiona mwanamke anaonjeshwa chakula kila siku kama panya wa majaribio, ataanza kujiuliza nani katika nyumba ile alikuwa mwovu. Mwisho kifungua mimba yuko gerezani, muziki wa kinanda, anaomba msamaha kwa picha ya baba yake. Akina mama mbele yangu walitoa leso. Walimlilia muuaji. Wakamsonya mpishi tena, msonyo wa kuagana.

Tulitoka kwa mlango wa pembeni. Tukatembea mpaka nyumbani. Tunaishi Karatu mjini kwa sasa, chumba na jiko na zizi la ng'ombe wawili nyuma. Pale mlangoni mama akasema, "Kibanda wamekipiga picha nzuri. Hata lile jiwe limeonekana."

Nilitaka alie. Ningejua la kufanya.

Asubuhi aliwakamua ng'ombe kama kawaida. Mama anauza maziwa kwa majirani. Wanatuma watoto na chupa, watoto wanagombania nani apimiwe kwanza, na kelele zao ndizo huniamsha. Siku ile niliamka mwenyewe. Hakuja mtoto. Mama alikaa kwenye kigoda na ndoo yake imefunikwa sahani, mpaka jua likafika ukutani. Alikuja mama mmoja tu, jirani wa mlango wa pili, ambaye tumekopeshana chumvi tangu tuhamie. Alisimama mbali kidogo.

"Leo hatutachukua, mama. Watoto wana mafua."

"Maziwa ya moto ndiyo dawa ya mafua," mama akamwambia.

"Basi tu. Tutaona kesho."

Kesho yake watoto walikuwa bado na mafua. Mtaa mzima ulishikwa na mafua. Nilimwona mwanawe akipita na chupa kwenda kununua kwingine, akiificha kwenye sweta, na shavu lake limejaa afya kama andazi.

Saluni nako hakukukalika. Mteja mmoja mnene, mwenye duka la vitenge, alikuwa chini ya draya, na mtu akiwa chini ya draya anadhani wote ni viziwi kama yeye. Akasema kwa sauti, "Kumbe yule mpishi ndiye aliyemmaliza mzee. Na yupo tu hapa mjini, anauza maziwa. Mimi ningeogopa hata kumsalimia."

Dada wa saluni akanikonyeza ninyamaze. Nilikuwa nimeshika mguu wa mteja mwingine, napaka rangi ya kucha nyekundu. Nikasema, "Yule ni mama yangu."

Draya inavuma.

"Pole mdogo wangu," yule mwenye vitenge akasema, bila kuona aibu. "Lakini sasa kama hakufanya, mbona alijificha?"

"Hakujificha. Alikaa metimani. Wewe si Mmbulu? Bibi yako hakukwambia?"

"Bibi yangu aliokoka."

"Basi mahakama je? Mama alikuwa shahidi. Aliyefungwa ni nani?"

Akanyanyua kofia ya draya aniangalie vizuri. "Mdogo wangu, bango limeandikwa kisa cha kweli. Watu wazima hawawezi kuandika uongo hadharani, na picha ya kibanda ipo."

Nikatazama kwa mlango. Bango lilikuwa pale pale, ukutani upande wa pili wa barabara, karibu na stendi. Familia ya matajiri mbele wamevaa suti, na nyuma yao, mdogo kama nzi, mwanamke wa kilemba cha njano. Chini, juu ya ukanda mwekundu, kwa maandishi makubwa meupe: KISA CHA KWELI KILICHOTIKISA KARATU. Nilikuwa nimelipita tangu lilipobandikwa nikiwa najisikia fahari. Nilikuwa hata nimeliweka kwenye kioo cha simu yangu, kila aliye karibu alione.

Nikaomba ruhusa, nikaenda hotelini alikofikia mwongozaji. Alikuwa bustanini anakunywa kahawa, kahawa ya Oldeani bila shaka. Aliponiona alifurahi kwa dhati, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angenikimbia.

"Mrembo wa sinia," akasema. "Karibu. Mmeionaje?"

"Umemuua mama yangu," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, namshukuru kwa hilo. Nilimwambia habari ya chupa za maziwa, ya yule jirani, ya kibanda. Nilimkumbusha mama alivyomchemshia viazi. Alivua kofia akajikuna.

"Sikia, mdogo wangu. Hii ni filamu, siyo mahakama. Filamu ni ubunifu. Lazima awepo mtu anayechochea mambo, la sivyo watu wanalala."

"Wachochezi walikuwa watatu mezani."

"Familia ndio waliotupatia nyumba ya kupigia picha. Na shamba. Na magari. Wana kijana wao bado yuko ndani, wanaomba apunguziwe. Wasingekubali aonekane mnyama. Elewa."

"Kwa hiyo mkatafuta asiye na nyumba ya kuwapa."

Akasema, "Halafu, kusema ukweli, na usikasirike. Mtu asiye na hatia hakai kibandani miezi yote ile anakwepa watu. Mtazamaji wa Dar hawezi kuelewa."

"Alikueleza kwa nini. Simu yako ilikuwa inarekodi."

"Alieleza. Lakini haielezeki kwenye picha."

Nikamwambia, "Sawa. Kama ni ubunifu, ondoa neno kweli kwenye mabango. Hilo tu. Sikuombi ubadilishe filamu."

Akatabasamu kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Hilo ndilo linalojaza ukumbi." Kisha akaniangalia usoni, akainamisha kichwa upande. "Unajua una sura ya kamera? Ukikasirika ndiyo zaidi. Tunarudi tena huku kupiga nyingine. Nitakupa nafasi yenye maneno. Maneno mengi."

Hapa niseme kitu ambacho sijamwambia hata dada wa saluni. Moyo wangu uliruka. Yule mpumbavu moyo, hana hata haya, aliruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa. Kwa muda wa pumzi moja nilijiona na gauni refu, nasema maneno mengi. Na hicho ndicho nisichomsamehe yule kijana hata kidogo, kwamba alijua pa kunishika. Nilimwambia, "Nirudishie kilemba cha mama."

"Kiko Dar na mavazi mengine."

"Na kikombe?"

"Kikombe kilivunjika mkono, tukakitupa."

Kikombe cha bati hakivunjiki mkono kwa siku moja. Nikaondoka bila kumuaga.

Nyumbani nilikuta ndoo imeoshwa imegeuzwa chini. Ng'ombe walikuwa wameachiwa kaka mmoja anayetukatia majani, naye ndiye aliyenieleza. Mama alikuwa amechukua godoro dogo, blanketi na sufuria moja, akapanda gari kwenda Kansay. Nikamfuata siku hiyo hiyo. Bibi hayupo tena duniani, hakuna aliyemwamuru. Nilimkuta kibandani, mwisho wa mahindi, ameketi mlangoni anachambua maharage.

"Aayo, unafanya nini huku?"

"Nakaa."

"Hakuna aliyekufa safari hii. Huna damu kwenye gauni."

Akaendelea kuchambua. "Mara ile nilikaa nisiwadhuru wao. Wakajua nitatoka, na siku niliyotoka jirani alikuja akaniomba moto, ndiyo ikaisha. Sasa nani atakuja kuniomba moto? Hata maziwa wamekataa."

"Turudi nyumbani."

"Nimechoka kuangaliwa, mwanangu. Niache nipumzike macho ya watu."

Nilimpikia maharage yale. Nikaleta bakuli, akaniambia kwa upole, "Weka pale juu ya jiwe." Nikakataa. Nikaingia nalo mpaka ndani, nikakaa godoroni kwake, nikachota kijiko cha kwanza nikaonja mimi, nikimwangalia. Hakucheka. Lakini alikula.

Nilirudi Karatu na gari la asubuhi nikiwa na hasira iliyotulia, ile mbaya. Ya kupayuka hupoa. Hii ilikuwa inanifanya nifikirie vizuri.

Jumapili wakati wa ibada stendi hupoa kidogo. Magari ya watalii yameshapanda mlimani, wapiga debe wamekwenda kunywa supu, wenye maduka wako makanisani, na yule mwenye vitenge najua ni mwimbaji wa mbele. Nilifungua saluni kwa ufunguo wangu, nikachukua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ile nzito inayofunika kwa mkono mmoja. Nikavuka barabara. Nikasimama mbele ya bango.

Brashi ya rangi ya kucha ni ndogo, haikutengenezwa kwa ukuta. Lakini mimi ni fundi wa vitu vidogo. Nilianza na C. Nikajaza H, nikajaza A. Nikaruka nafasi, nikaanza KWELI, herufi kwa herufi, bila kutoka nje ya mstari, mpaka weupe wote ukaisha. Sikugusa suti zao. Sikugusa mwanamke wa kilemba, ingawa nilimtazama. Ilibaki KISA KILICHOTIKISA KARATU, na katikati pengo jekundu linalong'aa.

Upepo wa vumbi ulikuwa unaanza kuja kutoka upande wa mnadani. Nikainama karibu na ukuta, nikaipuliza ile rangi ikauke, taratibu, kama ninavyopuliza kucha za wateja.